Beni na Butembo: Pikapu imara, barabara mbovu na gharama anayoibeba mwananchi

Mvua kubwa inaponyesha katika vilima vya Lubero, mfanyabiashara wa Butembo haanzi kwa kuuliza bei ya viazi huko shambani. Huuliza kwanza kama barabara inapitika, na ni gari gani lililopita mara ya mwisho. Akijibiwa kwamba Fuso zimekwama na ni Land Cruiser pekee zinazopenya, tayari anajua kuwa gunia litakalofika mjini halitauzwa kwa bei ya juzi.

Pikapu ya Toyota Land Cruiser, hasa ile inayojulikana kwa namba 79, imekuwa gari la karibu kila shughuli nzito katika kaskazini mwa jimbo la Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hubeba wagonjwa na chanjo, askari na risasi, kakao na mbao, wahudumu wa mashirika ya misaada na wakuu wa serikali. Mwenye gari hilo husafiri siku ambayo wengine wanabaki nyumbani.

Sifa zake ni za kweli na wala hazikutokana na matangazo ya kibiashara. Hata hivyo, uwezo huo umewafanya wenye madaraka waizoee barabara mbovu, kwa sababu wao hupita. Swali hili limekuwa zito zaidi tangu mwishoni mwa Januari 2025, wakati mji wa Goma ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 na taasisi za jimbo kuhamishiwa Beni. Barabara ya kusini kuelekea Goma sasa inakatizwa na uwanja wa vita. Njia inayobaki ya kulisha miji hii miwili ni ile ya mashariki, kutoka mpaka wa Kasindi na Uganda, na kila kinachopita hapo hupita juu ya magurudumu.

Gari lilivyoundwa

Mfululizo wa 70 wa Land Cruiser ulizinduliwa na Toyota mwezi Novemba 1984. Pikapu ya 79 ilikuja mwaka 1999, ikiwa na nafasi ndefu zaidi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Zaidi ya miaka 40 tangu mfululizo huo uanze, umbo lake na misingi yake ya ufundi havijabadilika sana, na hiyo ndiyo siri ya kwanza ya umaarufu wake: spea ya gari la zamani mara nyingi hupatikana kwa urahisi, na fundi aliyejifunza kwa gari moja anaweza kulifungua jingine.

Msingi wa gari ni chasisi yenye umbo la ngazi, yaani vyuma viwili virefu vilivyounganishwa na vyuma vya kukata. Kibanda cha dereva na sanduku la mizigo hufungwa juu yake kwa bolti. Gari likipita shimoni, chasisi ndiyo inayopokea mzigo na kujipinda kidogo, na bodi haipasuki. Magari mengi ya kisasa ya mjini hayana chasisi ya aina hiyo. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Ni laini kwenye lami, lakini hazikuundwa kwa ajili ya makorongo ya kila siku.

Chini ya chasisi kuna ekseli nzima mbele na nyuma. Nyuma kuna springi za vyuma bapa vilivyopangwa juu kwa juu, sawa na za lori. Mbele kuna springi za mviringo. Gurudumu moja likipanda jiwe, la upande wa pili husukumwa chini na kuendelea kushika ardhi. Springi za nyuma zikivunjika, fundi wa Butembo anaweza kubadilisha kipande kimoja bila kuondoa kingine.

Injini iliyolipa gari hili jina katika Afrika ni ya dizeli inayoitwa 1HZ, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa lita 4.2, na nguvu ya farasi takriban 130. Kwa viwango vya leo nguvu hiyo ni ndogo. Zipo pikapu nyepesi zenye injini ndogo zinazoipita. Tofauti ni kwamba 1HZ haina turbo, na pampu yake ya dizeli huendeshwa kimakanika bila kutegemea kompyuta. Msukumo wake mkubwa hupatikana injini ikizunguka polepole, jambo linalotakiwa kwenye tope, ambako mwendo wa kasi huchimba shimo tu.

Juu ya hayo kuna gia ya pili ya kuvuta, ile ambayo madereva huita gia ndogo. Ikiunganishwa, magurudumu yote manne huvuta na nguvu inayofika kwenye ekseli huongezeka zaidi ya mara mbili, huku mwendo ukipungua kwa kiasi hicho hicho. Toyota hutaja kina cha maji cha sentimita 70 kuwa kikomo cha gari hili kuvuka, na ndiyo maana mengi hufungwa bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa. Tangi la matoleo mengi hubeba lita 130.

Kwa nini linafaa hapa

Sifa hizo zinakutana na mazingira ya Beni na Butembo kwa namna ya pekee. Butembo ipo kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Beni ipo chini yake kwa mamia ya mita. Kati ya miji hiyo kuna kilomita 54 za mipando, mabonde na udongo mwekundu ambao ukilowa huteleza kama sabuni. Mvua hunyesha katika misimu miwili mirefu, na vipindi vya ukavu kati yake ni vifupi.

Mwinuko una gharama yake. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Pikapu yenye nguvu za farasi 130 pwani ya Mombasa haifikishi 110 ikiwa Butembo. Dereva anayelijua gari lake halaumu injini. Hupunguza mzigo au hutumia gia ndogo mapema, kabla ya kukwama.

Mafuta nayo ni suala. Dizeli inayouzwa hapa hupitia Uganda, na tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zimepunguza kiwango cha salfa katika dizeli wanayoagiza. Lakini mafuta hayo hayaishii kituoni. Yanamiminwa kwenye mapipa, kisha kwenye madumu, kisha kwenye chupa za wauzaji wa kando ya barabara ambao nchini Kongo huitwa Kadhafi. Katika safari hiyo huingia vumbi na maji. Injini za kisasa zenye nozeli zinazofanya kazi kwa shinikizo kubwa mno huharibika haraka kwa mafuta ya aina hiyo, na kuzitengeneza kunahitaji kompyuta. Ile 1HZ huvumilia zaidi, na ikigoma, chujio jipya na kutoa hewa kwenye mfumo wa dizeli mara nyingi huirudisha barabarani.

Nchini Kenya pikapu hizi huunganishwa Mombasa, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers. Polisi wa Kenya wanazitumia, na migodi na kampuni za utalii za Tanzania pia. Zinazofika Beni huja kwa njia mbalimbali: nyingine mpya kwa mashirika ya kimataifa, nyingine zimetumika miaka mingi kwingine kabla ya kuvuka Kasindi. Hapo kuna tatizo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Uganda huendesha upande wa kushoto, Kongo upande wa kulia. Gari lenye usukani wa kulia likiendeshwa upande wa kulia wa barabara humnyima dereva kuona linalokuja mbele anapotaka kulipita lori, na mara nyingi utingo ndiye anayegeuzwa macho yake.

Tani moja kwenye karatasi

Uzito wa jumla ambao kiwanda kinaruhusu kwa pikapu ya 79, yaani gari lenyewe, mafuta, watu na mizigo, ni kati ya tani tatu na tatu na nusu kulingana na toleo. Gari tupu lina zaidi ya tani mbili. Kwa lugha nyepesi, mzigo halali ni karibu tani moja na kidogo.

Yeyote aliyesimama kando ya barabara kati ya Beni na Kasindi anajua kwamba hesabu hiyo haiheshimiwi. Sanduku hujazwa magunia hadi juu ya kibanda, na juu ya magunia hukaa watu. Mafundi huongeza vyuma kwenye springi za nyuma ili gari lisikalie ekseli. Kwa macho, tatizo linaonekana limekwisha. Lakini breki hazikuongezwa, wala bearingi za magurudumu, wala chasisi. Mzigo ukipanda juu, kitovu cha uzito nacho hupanda, na gari lililokuwa tulivu kwenye mteremko linakuwa jepesi kupinduka. Abiria aliyekaa juu ya magunia hana mkanda wala cha kushika isipokuwa kamba.

Haitoshi kumlaumu mwenye gari. Tuchukue hesabu ya mfano. Pikapu inayobeba tani moja na kutumia lita 15 za dizeli kwa kilomita 100 inachoma lita 15 kwa kila tani inayosafirisha. Lori linalobeba tani nane na kutumia lita 30 kwa umbali huo huo linachoma chini ya lita nne kwa kila tani. Barabara ikiharibika kiasi kwamba lori haliwezi kupita, mzigo ule ule unahamia kwenye gari linalotumia mafuta karibu mara nne kwa kila tani. Na hiyo ni kabla ya kuhesabu gia ndogo, tairi zinazochanika na siku zinazopotea. Mwenye pikapu hujaribu kufidia pengo hilo kwa kupakia tani mbili badala ya moja. Mlaji hufidia kilichobaki kwa bei ya maharage, mafuta ya kupikia na sabuni.

Kuna malipo mengine yasiyo na risiti. Utafiti wa taasisi ya IPIS uliotolewa mwaka 2017 ulihesabu vizuizi 798 vya barabarani katika majimbo ya Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, vilivyowekwa na wanajeshi, makundi yenye silaha na watumishi wa serikali. Kizuizi huwekwa mahali ambapo gari halina pa kukwepea. Katika nchi yenye barabara nyembamba na mbovu, mahali pa namna hiyo ni pengi.

Funzo la Ebola

Umuhimu wa gari hili ulionekana kwa kiwango kisichowahi kutokea hapa kati ya Agosti 1, 2018 na Juni 25, 2020, wakati mlipuko wa Ebola ulioanzia Mangina, karibu na Beni, ulipoambukiza watu 3,470 na kuua 2,287 katika majimbo ya Kivu Kaskazini, Ituri na, kwa muda mfupi, Kivu Kusini. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Chanjo iliyotumika ilipaswa kuhifadhiwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Ilisafirishwa katika makasha maalumu yenye uwezo wa kutunza baridi hiyo kwa siku kadhaa, na siku hizo zilihesabiwa kwa uangalifu, kwa kuwa gari likikwama njiani muda wa chanjo nao unapita.

Bila magari yenye uwezo wa kuingia vijijini, kuwafuatilia waliokutana na wagonjwa kusingewezekana. Huo ni ukweli unaopaswa kukiriwa. Lakini kuna upande wa pili, ambao wakazi wa Butembo hawajausahau. Misururu ya magari meupe ilionekana mitaani katika mji ambao vituo vyake vya afya havikuwa na magari ya kutosha ya wagonjwa wa kawaida. Ukodishaji wa magari kwa ajili ya shughuli hiyo uligeuka biashara kubwa, na maswali kuhusu nani anakodisha, kwa bei gani na kwa sababu gani yalichochea manung'uniko. Watu walianza kusema kwamba wapo wanaofaidika ugonjwa ukiendelea.

Chuki hiyo ilikuwa na matokeo ya damu. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa kwa moto ndani ya siku chache. Aprili 19 mwaka huo, Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Cameroon aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Haitakuwa haki kusema magari yalisababisha mauaji hayo. Siasa, uvumi na kufutwa kwa uchaguzi wa Desemba 2018 katika miji hii miwili vilichangia pakubwa. Lakini gari lilikuwa alama iliyoonekana na kila mtu: walio na uwezo wa kwenda popote waliletwa kwa ajili ya ugonjwa mmoja, na kwa magonjwa mengine yote mwananchi aliendelea kubebwa kwa kipoyi au kwa pikipiki.

Ebola ilirudi Butembo Februari 2021 na Beni Oktoba mwaka huo huo, na kila mara ikadhibitiwa ndani ya miezi michache. Swali la usafiri wa mgonjwa wa kawaida, kwa mfano mama anayetokwa damu akiwa Manguredjipa katikati ya msimu wa mvua, halijapata jibu la kudumu.

Bunduki juu ya sanduku

Sifa zinazoipendeza hospitali huipendeza pia jeshi. Historia inayojulikana zaidi ni ya Chad mwaka 1987, ambako wanajeshi waliotumia pikapu za Toyota zilizofungwa makombora ya kulipua vifaru waliwashinda wanajeshi wa Libya waliokuwa na silaha nzito zaidi. Vita hivyo viliitwa Vita vya Toyota. Tangu hapo, kutoka Somalia hadi Sahel, pikapu yenye bunduki nyuma imekuwa picha ya kila mzozo.

Hata hivyo, mfano wa Chad hauhamishiki Beni. Jangwani kasi ni kinga. Gari huzunguka, hupiga na kutoweka. Katika misitu ya Beni na bonde la Semuliki, gari hufuata njia moja, na kila mtu anajua litapita wapi. Waasi wa ADF, ambao tangu Oktoba 2014 wanatuhumiwa kwa mauaji ya mfululizo ya raia katika eneo hili, hutembea kwa miguu msituni. Hawahitaji kulikimbiza gari. Wanachohitaji ni mahali ambapo gari litalazimika kupunguza mwendo.

Mahali hapo mara nyingi ni shimo la tope. Dereva anapoingiza gia ndogo na kusogea kwa mwendo wa mtu anayetembea, uwezo wote wa injini unamsaidia kutoka kwenye tope, lakini haumkingi na risasi. Bati la mlango wa pikapu ya kawaida halizuii risasi ya bunduki ya kivita. Vyuma vya kukinga risasi vikiongezwa, uzito wake unakula karibu mzigo wote ambao gari liliruhusiwa kubeba.

Hata misafara yenye ulinzi haikusalimika. Septemba 2021, msafara wa magari ya kiraia uliokuwa ukisindikizwa na jeshi kwenye barabara ya kati ya Komanda na Luna, kaskazini mwa Beni, ulishambuliwa na magari kadhaa yakateketezwa. Ilikuwa miezi michache baada ya Rais Félix Tshisekedi kutangaza hali ya kuzingirwa katika Ituri na Kivu Kaskazini. Mwishoni mwa Novemba mwaka huo, majeshi ya Uganda na Kongo yalianzisha operesheni ya pamoja ya Shujaa, na mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kutengeneza njia ili vikosi vyenyewe viweze kusonga. Majeshi mawili yenye magari ya kila aina yalitambua kwamba hayawezi kupigana bila barabara. Mkulima wa kakao wa Mutwanga alilijua hilo siku nyingi.

Lami inabadilisha hesabu

Juni 16, 2021, Rais Yoweri Museveni wa Uganda na Rais Tshisekedi walikutana mpakani na kuzindua mradi wa kujenga barabara zenye jumla ya kilomita 223 ndani ya Kongo: kilomita 80 kutoka Kasindi hadi Beni, nyingine 54 kutoka Beni hadi Butembo, na 89 kutoka Bunagana kupitia Rutshuru hadi Goma. Kazi ilikabidhiwa kampuni ya Dott Services. Mwaka uliofuata, Julai 2022, Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kipande cha Bunagana hadi Goma kiko katika eneo lililotekwa na M23. Vile viwili vya kaskazini ndivyo vinavyozigusa Beni na Butembo moja kwa moja. Kila kilomita ya lami inayokamilika hapo inabadilisha aina ya gari lenye faida. Lori linarudi kuwa mfalme wa mizigo. Pikapu inabaki na kazi yake halisi, ile ya njia za pembeni: Manguredjipa, Watalinga, vijiji vya Ruwenzori, mahali ambapo lami haitafika kizazi hiki.

Mabadiliko hayo yana hatari zake. Barabara laini huongeza mwendo, na gari lenye ekseli nzima, springi za lori na magunia hadi juu ya paa halikuundwa kukata kona kwa kilomita 100 kwa saa. Usukani wa upande usiofaa, ambao kwenye tope haukuwa na madhara makubwa, kwenye lami unaua. Na magari yaliyopakiwa kupita kiasi yataichimba lami hiyo kabla ya wakati wake. Jamii inayopokea barabara bila mizani, bila alama na bila mafunzo ya madereva itahamisha tu vifo kutoka kwenye tope kwenda kwenye ajali za mwendo kasi.

Maswali ya kuwauliza viongozi

Kongo haina upungufu wa sheria wala taasisi katika jambo hili. Mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER, ulianzishwa mwaka 2008 na hupata sehemu kubwa ya fedha zake kutokana na tozo iliyomo katika mafuta. Kwa hiyo dereva wa pikapu kati ya Beni na Butembo analipa mara mbili: anatozwa kwa kila lita ili barabara itengenezwe, kisha anachoma lita nyingi zaidi kwa sababu haikutengenezwa. Swali la haki ni kiasi gani cha tozo iliyokusanywa katika Kivu Kaskazini kimerudi kwenye barabara za Kivu Kaskazini, na kilifanya kazi gani.

Swali la pili linahusu manunuzi. Mwaka 2021 wabunge wa taifa walipewa magari ya Hyundai Palisade, jambo lililozua mjadala mkali nchini kote. Ni magari mazuri ya familia kwa barabara za Kinshasa, lakini hayana chasisi ya kujitegemea wala springi za mizigo, na mbunge wa Lubero angepata shida kufika nalo kwa wapiga kura wake wakati wa mvua. Mahitaji ya Beni na Butembo ni tofauti. Pikapu chache zilizofungwa vitanda vya wagonjwa, zenye bajeti ya mafuta, matairi na fundi kwa miaka mitano, zingeokoa maisha zaidi ya misururu inayokuja na kuondoka pamoja na dharura. Bajeti ya matunzo ndiyo inayosahaulika zaidi. Gari lililotolewa kwa sherehe na picha huishia juu ya matofali nyuma ya hospitali kwa kukosa pampu ya maji.

La tatu ni dogo na la bei nafuu. Vizuizi vya mvua, vinavyofunga barabara ya udongo kwa malori kwa saa chache baada ya mvua kubwa, vinajulikana nchini Kongo tangu zamani. Kamati za vijiji za kufyeka kando ya barabara na kuzibua mifereji zipo, na kazi za pamoja za salongo hazijafa. Barabara ya udongo huharibiwa zaidi na maji yaliyokosa pa kwenda kuliko na magari. Mfereji uliozibuliwa Agosti unaweza kuokoa shimo ambalo Novemba lingemeza Fuso nzima. Kamati hizo zinahitaji majembe, posho ya kueleweka na uhakika kwamba wanaofanya kazi barabarani hawatavamiwa.

Wapo watakaosema kwamba kuzungumzia mifereji wakati wa vita ni anasa. Hali ya sasa inaonyesha kinyume chake. Beni imebeba utawala wa jimbo na wakimbizi wa ndani waliotoka kusini na kaskazini. Butembo inalisha watu wengi kuliko ilivyopangiwa. Njia ya Kasindi ikifungwa kwa tope wiki moja, madhara yake sokoni hayatofautiani sana na kufungwa kwa risasi. Kilomita 80 hizo zina uzito wa kijeshi, wa kiafya na wa chakula kwa pamoja.

Pikapu ya Land Cruiser imefanya kazi yake kwa miaka mingi, na itaendelea. Mafundi wa Butembo wataendelea kuifungua chini ya miembe na kuirudisha barabarani kwa vipande vya gari jingine. Lakini kila mara kiongozi anaposifu gari lililomfikisha salama, wananchi wa Beni na Butembo wana haki ya kumuuliza mtu mwenye gunia moja la maharage na asiye na Land Cruiser angefikaje.